Kutoka Ngong Road Hadi Grogan: Kusaka Gari Ukiandamwa na Madeni

UKIABIRI matatu nambari 111 katikati ya jiji la Nairobi ukielekea Ngong, keti karibu na dirisha. Pindi mnapoupita mzunguko wa City Mortuary, yafungue macho. Kuanzia hapo, ukipita Prestige, Adams Arcade na Dagoretti Corner hadi karibu na uwanja wa mbio za farasi, utaona magari yamesimama kando ya barabara, safu baada ya safu, boneti zikitazama barabara kama wanafunzi gwarideni wakimsubiri mwalimu mkuu. Hayana vumbi hata chembe. Kila asubuhi vijana huyapangusa kwa matambara, na magurudumu hupakwa dawa nyeusi hadi yakametameta kama viatu vya askari.

Aghalabu magari hayo yametoka Japani. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo usukani wa gari lao uko pale tunapoutaka sisi. Sheria yetu nayo hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita umri wa miaka minane. Na hata barabara yenyewe, ile sehemu ya kutoka City Mortuary hadi Prestige, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani. Mtu angedhani lami na magari vilipakuliwa kutoka meli moja pale Kilindini.

Jumapili baada ya ibada, familia nyingi hutembea hapa kama watu waendao kutazama wanyama. Watoto huchagua rangi. Akina mama hufungua milango ya nyuma wapime kama magunia mawili ya viazi yatatosha. Baba hupiga teke gurudumu, akatikisa kichwa kama mjuzi, na wote wakarudi kwenye kituo cha matatu wakicheka. Mimi pia nimefanya hivyo mara nyingi, na sikulipa hata senti.

Lakini jaribu siku moja, msomaji, kutembea pale ukiwa na barua ya wakili mfukoni.

Barua yangu ilitoka kwa mawakili wa benki. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na maneno yake yalikuwa ya adabu kupindukia. Ilisema nilikuwa nadaiwa shilingi 900,000, na kwamba nisipolipa au kufikia mapatano nao katika muda wa siku 21, wangeweza kuiomba Mahakama Kuu initangaze kuwa nimefilisika. Niliisoma mara tatu jikoni. Mke wangu aliisoma mara moja tu, akaikunja, akaniuliza kama nimekula.

Kazi yangu ni kusambaza mayai. Nayachukua kwa wafugaji wa Kiambu alfajiri, nikayafikisha kwenye mikahawa ya jijini na mitaa ya Eastlands kabla ya watu kuanza kuagiza chai. Ni biashara isiyo na fahari, lakini imewasomesha wanangu wawili hadi kidato cha nne. Iliyumba pale mikahawa miwili mikubwa iliyokuwa ikichukua kwa mkopo ilipofunga milango bila kunilipa. Nikakopa benki ili nizibe pengo. Nikakopa kwenye chama cha ushirika ili nilipe benki. Nikakopa kwa simu ili nilipe chama cha ushirika. Nadhani unaielewa njia hiyo. Wengi wetu tumeipita, na huwa haina taa.

Kisha gari nalo likaenda. Asubuhi moja ya mvua kwenye barabara ya Kiambu, Probox yangu iliteleza ikatumbukia kwenye mtaro wa saruji. Mimi nilitoka na mkwaruzo wa kiwiko. Trei 140 za mayai, yaani mayai 4,200, zikageuka uji ndani ya gari, na nguzo za mbele zikapinda vibaya hata fundi aliyekuja kulivuta alivua kofia. Bima niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima kisheria na ndiyo ya bei nafuu. Bima hiyo humfidia yule uliyemdhuru, si wewe, na mtaro haudai fidia.

Sasa hebu tupige hesabu pamoja, maana hapa ndipo penye mtego. Faida yangu kwa trei moja ni kama shilingi 30. Trei 140 ni shilingi 4,200. Kukodi pikapu kwa asubuhi moja ni shilingi 3,500. Zinazobaki, 700, ndizo za chakula, karo, kodi ya nyumba na madeni ya shilingi milioni moja na nusu. Bila gari langu mwenyewe nisingeweza kulipa deni hata la simu. Na kupata gari kulitaka pesa ambazo, kama ningekuwa nazo, wenye deni walikuwa na haki ya kuziulizia. Ndiyo maana siku ya tatu baada ya barua ile nilishuka matatu pale Ngong Road, nikiwa nimevaa koti langu la harusi ili nisionekane mtu wa shida.

"Karibu mzee," kijana mmoja mwenye shati jeupe aliniambia. "Leo unaenda na gari gani?"

Utaratibu wao ndio huo, hawakuulizi kama unanunua. Alinionyesha Probox nyeupe, namba zake zikianza na KD. Wewe mkaazi wa jiji unajua jinsi tunavyolisoma gari kwa herufi zake: msururu wa KBA ulianza mwaka 2007, wa KDA mwaka 2020, na kuna watu ambao hawakusalimii kanisani mpaka wameona herufi ya tatu. Bei ilikuwa shilingi 850,000. Nikamwambia sina. Hakushtuka. Akanivutia kiti cha plastiki, akaleta chai, akachukua kikokotoo.

Alisema arubuni ni nusu ya bei, shilingi 425,000, na nusu nyingine nitalipa kwa miezi 24, riba asilimia nne kwa mwezi. "Nne tu, mzee." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekupa zawadi. Mimi nilishawahi kuumwa na asilimia za namna hiyo, kwa hivyo nikamwomba kikokotoo. Asilimia nne ya 425,000 ni shilingi 17,000. Kwa miezi 24 ni 408,000. Ukijumlisha na lile deni lenyewe, kila mwezi ni kama shilingi 34,700, na hadi mwisho gari la 850,000 litakuwa limenigharimu 1,258,000. Juu ya hayo kuna bima kamili, ambayo ni lazima, na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho unakilipia wewe ingawa kinamfanyia kazi mwenye kukukopesha. Logibuku hubaki na majina mawili hadi senti ya mwisho.

"Na nikichelewa mwezi mmoja?" nikauliza.

"Mzee, wewe huwezi kuchelewa," akasema, akiitazama ile suti.

Chai yake ilikuwa nzuri, sina budi kukiri. Kijana yule hakunidanganya lolote, na karatasi zake zilikuwa sawa. Lakini nilipokuwa nikirudi kituoni nilitambua kwamba pale uwanjani walikuwa wakiuza kitu kile kile kilichonifikisha kwenye barua ya wakili. Tofauti ni kwamba mara hii kilikuwa na magurudumu.

Magari yanayoshindwa kulipiwa hupelekwa wapi? Swali hili huwapitia watu wanaotembea Ngong Road siku ya Jumapili, na jibu liko upande wa pili wa mji, kule Industrial Area. Siku ya sita nilikwenda huko. Niliona tangazo kwenye kurasa za minada gazetini: magari kumi na mawili, kukaguliwa Jumanne na Jumatano, kuuzwa Alhamisi saa tano. Kwa kawaida, kabla ya kufikia hapo, mwenye mali hupewa ilani ya siku saba akomboe mali yake, kisha tangazo hutolewa gazetini na siku nyingine saba zikapita kabla nyundo haijagonga. Ndivyo zisemavyo kanuni za madalali za mwaka 1997. Kwenye gazeti yanaonekana matangazo makavu tu, jina la gari na namba. Ni kule yadini utakakoyaona yalivyo.

Yadi yenyewe haina bango. Ni ukuta mrefu wenye seng'enge juu, lango la mabati, na mlinzi mwenye daftari. Harufu ya sabuni kutoka kiwanda cha jirani huchanganyika na moshi wa malori. Ndani, magari yamesimama katika vumbi. Hapa hakuna anayepangusa. Kila kioo cha mbele kimeandikwa nambari kwa rangi nyeupe, na nyasi zimeota kwenye magurudumu ya yale yaliyokaa sana kwa sababu ya kesi. Masharti yamebandikwa mlangoni: unaweka amana ambayo utarudishiwa usiponunua, gari linauzwa lilivyo na lilipo, nyundo ikigonga unalipa robo papo hapo, na zilizobaki katika siku chache, la sivyo robo yako imekwenda. Huruhusiwi kulijaribu barabarani. Unaruhusiwa kutazama.

Basi nikatazama. Kupitia vioo niliona chupa ya maziwa ya mtoto, daftari la hesabu la darasa la nne, kanga imetandikwa kwenye kiti cha nyuma, risiti za petroli, kofia ya mahafali. Watu waliokuja kununua walikuwa wakitazama injini. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na barua yangu, nilikuwa nikitazama viti.

Gari nambari saba lilikuwa Probox ya kijivu, nzima, mfano wa lile langu. Nilikuwa nimeinama nikichungulia chini yake ndipo nikaona viatu vya mtu upande wa pili. Alikuwa mwanamume wa makamo, ameshika mfuko wa plastiki na barua yenye muhuri. Mlinzi alimfungulia mlango. Akatoa jozi ya viatu vya mvua, mwavuli, begi la shule la mtoto na tasbihi iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo. Alifanya yote hayo polepole, kama mtu anayehama nyumba. Kisha akaniona.

"Unataka kulinunua hili?"

Sikujua la kusema. Nikamjibu kwamba natazama tu.

"Gia ya pili huwa ngumu asubuhi," akasema. "Usiilazimishe. Ngoja injini ipate joto kidogo."

Akaurudisha mlango taratibu, akasaini daftari la mlinzi, akaenda zake na mfuko wake.

Alhamisi nilirudi, nikaweka amana, nikapewa kadi ya nambari. Ukifika pale, msomaji, usidhani unashindana na watu kama wewe. Wanunuzi wengi ni mabroka wa magari. Wanajuana, wanasimama pamoja karibu na dalali, na anayetaka gari miongoni mwao wenzake humwachia. Akijitokeza mgeni, humpandisha bei mpaka ajute. Ile Probox ilianzia 250,000. Nilifika 300,000 mkono ukitetemeka, nikijua fika kwamba sikuwa na pesa hizo na kwamba nilikuwa nikitumaini chama cha mke wangu na miujiza. Ilikwenda kwa 410,000. Nilirudishiwa amana yangu dirishani, na nilipokuwa nikizihesabu noti nilihisi nimeepushwa na jambo, ingawa wakati ule nisingeweza kukueleza ni jambo gani.

Jioni ile shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika nyumbani. Ni mtu mwema na ana akili ya biashara. Alisema: "Shemeji, nitakusaidia kupata gari, lakini tuliandikishe kwa jina langu. Hao watu wa benki wakija, watakuta huna kitu." Nakiri kwamba wazo hilo lilinipendeza. Lilinipendeza sana. Nililala nalo usiku mzima, na kesho yake nikalipeleka kwa wakili.

Wakili mwenyewe ana ofisi ndogo karibu na Upper Hill, mtaa ambao zamani ulikuwa wa nyumba za wafanyakazi wa reli na sasa ni msitu wa vioo. Huko ndiko iliko pia ofisi ya Mpokezi Rasmi, yule mtumishi wa serikali anayekabidhiwa mali ya mtu aliyetangazwa kufilisika. Tangu utotoni nilikuwa nikidhani kufilisika ni kuvuliwa hadi shati. Wakili alinieleza mambo ambayo ningependa uyajue hata kama u mwanafunzi usiyedaiwa na yeyote ila bodi ya mikopo ya elimu ya juu.

Alisema sheria tunayoitumia sasa ni ya mwaka 2015, na iliondoa ile ya kikoloni iliyomtazama mdaiwa kama mhalifu. Sasa kuna milango kadhaa kabla ya kufika kwenye kufilisika kwenyewe. Mtu anaweza kupendekeza mapatano na wote wanaomdai, walipwe kidogo kidogo kwa mpango mmoja. Mwenye deni dogo, la kati ya shilingi 100,000 na 400,000, na asiye na mali yoyote, ana utaratibu wake mwepesi. Na hata anayetangazwa kufilisika haachwi hivyo milele. Kwa kawaida huachiliwa baada ya miaka mitatu tangu alipowasilisha taarifa ya mali na madeni yake. Fauka ya hayo, anaruhusiwa kubaki na vyombo vya nyumbani vya lazima na vifaa vya kazi yake, kwa thamani yenye kipimo. Fundi cherehani hanyang'anywi cherehani yake.

"Na gari la kubebea mayai?" nikauliza.

"Inategemea ni gari gani," akasema. "Ukija hapa na gari la laki nane na nusu lenye riba, umejiongezea mdai mwingine, tena mwenye logibuku mkononi. Ukija na gari la kazi, la bei ndogo, ulilolinunua kwa pesa zinazojulikana zimetoka wapi, hilo tunaweza kulitetea."

Nikamweleza wazo la shemeji. Akaiweka kalamu chini. Alisema mahakama inaweza kuutangua uhamisho wowote uliofanywa kwa nia ya kuficha mali, kwamba kuficha mali wakati wa kufilisika ni kosa la jinai, na kwamba shemeji yangu angeitwa kueleza. "Na usiuze chochote kwa bei ya kutupa kwa ndugu au rafiki. Uza kwa bei ya soko, chukua risiti, weka kila karatasi."

Nilipomweleza mke wangu, alijibu kwa ufupi kuliko wakili. Alisema mayai hayabebwi kisirisiri, kila mtu wa Kiambu atajua naendesha nini.

Hivyo ndivyo nilivyofika Grogan, na hapo ndipo ningetaka twende polepole.

Kwenye ramani barabara hii inaitwa Kirinyaga. Huanzia upande wa mzunguko wa Globe, ikateremka sambamba na River Road, Mto Nairobi ukiwa nyuma ya majengo. Jina la Grogan ni la mlowezi Ewart Grogan, aliyejipatia sifa mwaka 1898 hadi 1900 kwa kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo, sehemu kubwa ya safari hiyo kwa miguu. Hapa Nairobi anakumbukwa pia kwa lile tendo la mwaka 1907, alipowachapa viboko Waafrika hadharani mbele ya mahakama. Jina lake liliondolewa kwenye kibao miaka mingi iliyopita, ila mafundi hawakuliondoa mdomoni. Huwa nacheka nikifikiri kwamba mtaa mashuhuri kwa vipuri vya magari unaitwa kwa jina la mtu mashuhuri kwa kutembea.

Ukiingia kwa miguu, utasikia mtaa kabla ya kuuona: nyundo juu ya chuma, honi, redio tano zikishindana. Maduka ni membamba, yamejaa hadi darini. Moja ni la taa tupu. Jingine ni la rejeta, jingine la bampa zilizotundikwa kama ngozi za wanyama. Vijana hukufuata wakiuliza, "Unatafuta nini, mzee? Shoka? Kabureta? Kioo?" Utasikia pia utani wa siku nyingi, kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni asubuhi kwenye foleni, njoo hapa adhuhuri ukinunue chako mwenyewe. Sijui kama ni kweli. Najua kwamba nikiwa na gari huwa naandika namba yangu kwenye vioo vyote.

Fundi niliyemwendea amenitengenezea magari miaka kumi na mitano. Mabaki ya Probox yalikuwa tayari kwenye uga wake, yakinuka mayai. Akalizunguka kama mchinjaji.

"Mzee wangu, hili limekufa," akasema. "Lakini nyama yake ni nzuri."

Kwa siku nne tuliliuza kipande kimoja kimoja. Injini ilikuwa nzima, ikachukuliwa na mtu wa matatu kutoka Murang'a kwa shilingi 52,000. Gia zilikwenda kwa 18,000. Milango ya nyuma, viti, taa moja iliyobaki, magurudumu, hata mkeka wa sakafuni uliooshwa mara tatu. Jumla ikawa shilingi 118,000. Kila mnunuzi aliandikiwa risiti, na kila aliyeandikiwa alicheka, kwa sababu Grogan haijazoea karatasi. Mke wangu akaongeza 50,000 kutoka chama chake. Ilikuwa zamu yake, na alikuwa amezitengea tangi la maji. Sikumwomba, wala yeye hakulitaja tena tangi.

Kwa shilingi 168,000 hupati hata mlango wa kulia wa gari la Ngong Road. Lakini fundi alikuwa amefikiri. "Tafuta Nissan 1200," akasema. Kama una umri wangu unazikumbuka pikapu zile ndogo zilizobeba maziwa, mikate na magazeti nchi nzima. Injini yake ni rahisi, ina kabureta, haina kompyuta ya kukasirika. Fundi yeyote wa kijijini anaweza kuifungua kwa spana nne.

Ya kwanza tuliyoipata ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na wanawe hawakuwa wameenda mahakamani kuhusu urithi. Tukaiacha. Ya pili ilikuwa nadhifu mno kwa bei yake. Nikafanya yale wakili aliyoniagiza: nikatafuta rekodi yake kwa mamlaka ya usalama barabarani, kisha nikapekua ile sajili ya mali iliyowekwa dhamana, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Yote mawili hufanyika kwa simu kwa ada ndogo. Nikakuta pikapu hiyo imewekwa dhamana ya mkopo. Mwenyewe alipoulizwa, alikata simu.

Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja wa Limuru aliyeacha kufuga ng'ombe. Rangi yake ya maziwa, namba zikianza na KA, kutu chini ya milango, na paa la turubai nyuma. Rekodi zilikuwa safi, jina lilikuwa lake. Alitaka 160,000. Tukazungumza juu ya ng'ombe, juu ya mvua, juu ya watoto wetu, akashuka hadi 145,000. Zilizobaki ziliingia kwenye breki na magurudumu mawili. Nilipoiendesha kuteremka kutoka Limuru, malori yalinipita yote, na upepo uliingia kupitia mahali pengi kuliko madirisha.

Siku ya kumi na tisa tulikutana katika ofisi ya wakili: afisa wa benki, mhasibu wa chama cha ushirika, na yule mzee wa Kiambu ninayemdai usingizi kwa sababu yeye ananidai shilingi 210,000 za mayai. Nilikuwa nimeipaki pikapu barabarani, chini ya dirisha. Wakili alisoma orodha ya mali yangu, nayo haikumchukua muda. Viti, meza, jokofu, televisheni. Kisha: pikapu ya Nissan 1200, shilingi 145,000, chombo cha kazi, risiti zimeambatishwa.

Afisa wa benki akainua macho. "Umenunua gari majuzi? Ukiwa na deni letu?"

Wakili akamsogezea risiti zote, za Grogan na za Limuru, zikiwa na alama za vidole vyenye grisi. Akazisoma moja baada ya nyingine, mpaka ile ya mkeka. Nikamweleza hesabu ya trei na hesabu ya kukodi. Nikapendekeza shilingi 30,000 kwa mwezi zigawanywe kwa wote kulingana na deni. Mhasibu wa chama cha ushirika alisema anaweza kukubali. Afisa wa benki alisema atalipeleka pendekezo kwa wakubwa wake, na kwamba katika muda huo hawataenda mahakamani.

Mzee wa Kiambu alikuwa hajasema neno. Aliinuka kwa mkongojo wake, akaenda dirishani, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Ni ile ya rangi ya maziwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Hubeba trei ngapi?"

"Mia moja na ishirini, nikizipanga vizuri."

Akaguna. Akarudi kitini, akachukua kofia yake.

"Kesho njoo saa kumi na moja alfajiri," akasema. "Ukichelewa, nitawapa wale wa Ruiru."